Risasi na Kiasi

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile metali ya kijivu, laini, nzito kuliko inavyoonekana, ambayo fundi wa betri anaijua kwa mkono wake. Risasi pia ni kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Neno tumelipata kutoka Kiarabu, na kwa karne nyingi hapakuwa na sababu ya kulitenganisha, kwa kuwa kilichotoka mtutuni kilikuwa ni metali hiyo hiyo, bila nyongeza. Kamusi za zamani zimehifadhi neno jingine ambalo leo halisikiki sana kwa maana hiyo: kiasi cha bunduki. Ndivyo watu wa pwani walivyoita baruti na risasi vikiwa vimefungwa pamoja, tayari kwa mlio mmoja. Kiasi, yaani kipimo.

Maneno haya mawili nimeyaweka mlangoni kwa sababu yanabeba mjadala mzima ninaotaka kuuchambua. Katika nchi kadhaa, Marekani ikiwa mbele, na pia Uingereza, Ufini na Australia, wapo watu wanaomiliki kihalali bunduki za kijeshi zilizotengenezwa miaka mia moja au zaidi iliyopita. Hawazitundiki ukutani tu. Wanazipeleka kwenye viwanja vya shabaha, na wengi wao hawanunui risasi dukani. Wanaokota maganda ya shaba yaliyokwisha kufyatuliwa, wanayatia fataki mpya na baruti mpya, kisha wanayavika vichwa vya risasi walivyovisubu wenyewe kwa kalibu. Je, ni busara kumlisha mzee huyu wa chuma chakula cha nyumbani? Wapo wanaosema metali laini itamharibu. Wapo wanaosema hicho ndicho chakula pekee kinachomfaa katika umri wake. Na wapo wasiojali bunduki hata kidogo, wanaouliza kuhusu sumu. Kila upande una hoja, na kila hoja ikifuatwa hadi mwisho inafika palepale: kwenye kiasi.

Ili tusichanganye mambo, katika makala haya risasi itakuwa metali. Kinachoruka nitakiita kichwa, chombo cha shaba kinachokibeba ni ganda, na vyote vikishikana na baruti na fataki ni kiasi, kama walivyosema wazee.

Enzi ya risasi tupu

Mwanzoni mwa miaka ya 1870 majeshi mawili makubwa ya Ulaya yalichukua bunduki mpya. Waingereza walichagua Martini-Henry, Wajerumani wakachagua Mauser ya mwaka 1871. Zote mbili zilitumia baruti nyeusi na kichwa cha risasi kilichozungushiwa karatasi nyembamba ili metali isisuguane na chuma moja kwa moja. Kichwa cha Mauser kilikuwa na unene wa milimita 11 na uzito wa gramu 25 hivi. Cha Martini-Henry kilifika gramu 31, nacho kilikuwa mchanganyiko wa sehemu 12 za risasi kwa sehemu 1 ya bati. Mwendo wake ulizidi kidogo mita 400 kwa sekunde, basi.

Uzuri wa mpango huo ulikuwa katika ulaini. Ndani ya mtutu wa bunduki ya namna hii kuna mifereji inayozunguka kama nyuzi za skrubu, na kati ya mifereji kuna matuta. Kazi yake ni kukizungusha kichwa ili kiende sawa hewani. Baruti nyeusi inaposhika moto, inakigonga kichwa kitakoni kwa ghafla, na risasi laini inafutuka na kujaza mifereji kabla haijaanza safari. Metali inajipima yenyewe kwa mtutu wake. Hata kama fundi kiwandani alikosea kidogo, risasi ilimsamehe.

Pwani yetu iliiona bunduki hiyo kwa karibu. Vita Kuu ilipofika Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914, sehemu kubwa ya askari wa Kiafrika waliokuwa katika jeshi la kikoloni la Wajerumani walikuwa bado wamebeba Mauser ya 1871, silaha iliyowazidi umri wengi wao. Kila walipofyatua, wingu jeupe la moshi lilipanda juu ya kichaka na kumwonyesha adui mahali pa kulenga. Waingereza na wanajeshi wao kutoka India walishindwa katika pigano lile, wakaacha nyuma mamia ya bunduki za kisasa, bunduki za rashasha 16 na shehena kubwa ya viasi, na kampuni zilizokuwa na silaha za moshi zikapata nafasi ya kujivua mzigo. Pigano hilo linatufundisha jambo ambalo mjadala wa leo hulisahau. Mauser ya zamani haikuachwa kwa sababu haikupiga shabaha. Iliachwa kwa sababu ya moshi, na kwa sababu majeshi yalitaka mwendo mkubwa zaidi.

Koti la shaba

Mwendo huo ulikuja kwa hatua mbili. Mwaka 1882 Eduard Rubin, ofisa wa Uswisi, alitengeneza kichwa ambacho moyo wake ni risasi lakini kimevikwa koti la shaba. Mwaka 1884 mkemia Mfaransa Paul Vieille akapata baruti isiyotoa moshi, yenye nguvu kupita ile nyeusi. Miaka miwili baadaye Ufaransa ilitoa bunduki ya Lebel, milimita 8, na ndani ya muda mfupi kila jeshi lenye uwezo lilikuwa linakimbilia huko.

Koti halikuwa pambo. Risasi tupu inaposukumwa kwa kasi ya baruti mpya haishiki matuta ya mtutu. Inateleza juu yake kama gurudumu kwenye tope. Gesi ya moto inapenya pembeni, inakata na kuyeyusha ubavu wa kichwa, na metali iliyoyeyuka inaganda kwenye mifereji. Baada ya milio michache mtutu una utando wa kijivu, na shabaha imepotea. Ndiyo maana Mosin ya Warusi, Mauser ya 1898, Lee-Enfield ya Waingereza na Springfield ya Wamarekani ya 1903 zote zilikuja kutegemea vichwa vyenye koti. Kiasi cha Springfield cha mwaka 1906 kilirusha kichwa cha gramu 9.7 kwa mwendo wa zaidi ya mita 800 kwa sekunde, maradufu ya mwendo wa Martini-Henry.

Kwa hiyo mtu wa leo anayesubu kichwa cha risasi kwa ajili ya Lee-Enfield anamvisha mjukuu kanzu ya babu. Kanzu hiyo inaweza kumkaa vizuri, lakini lazima mjukuu akubali kutembea kwa mwendo wa babu. Wengi wanaofanikiwa hubaki kati ya mita 400 na 600 kwa sekunde. Anayetaka mita 800 anunue chenye koti. Polepole ndio mwendo, na hapa methali inasema ukweli wa kifizikia.

Kwa nini warudi nyuma

Sababu ya kwanza ni upatikanaji. Baadhi ya bunduki hizi zilitumia viasi ambavyo viwanda vimeacha kutengeneza au hutengeneza mara chache, na bei yake inamkatisha tamaa mtu wa kipato cha kawaida. Ganda la shaba likitunzwa linaweza kujazwa tena mara nyingi, na metali ya kusubu inaweza kupatikana kwenye vyuma chakavu.

Sababu ya pili ni bunduki yenyewe. Kinachochakaza mtutu zaidi ni joto la baruti linalokula chuma mahali pale kichwa kinapoingia mifereji. Kiasi cha wastani kinapunguza joto hilo, kinapunguza mshtuko kwenye kitako cha mbao kilichokauka kwa miongo mingi, na kinapunguza mkazo kwenye kufuli. Bega la mpigaji nalo linapata nafuu. Mtu anaweza kupiga mchana kutwa bila kuvimba.

Hakuna jipya katika wazo hili. Tangu mwaka 1884 John Barlow wa jimbo la Connecticut alikuwa akiuza kalibu na vifaa vya kujazia kupitia kampuni yake ya Ideal, ambayo mwaka 1925 iliingia mikononi mwa kampuni ya Lyman. Jeshi la Marekani lenyewe lilitumia vichwa vya risasi tupu kwa mazoezi ya ndani, mahali ambapo kiasi kamili cha vita kingetoboa ukuta. Barlow anatajwa pia kuhusu kifaa kidogo kilichobadilisha kazi hii mwanzoni mwa karne ya 20: kikombe chembamba cha shaba kinachobanwa kwenye kitako cha kichwa. Kikombe kinazuia gesi isikate risasi, na kwa shaba isiyofika hata gramu moja kinampa mpigaji sehemu ya faida ya koti zima.

Ubishi wa ugumu

Ukiwaweka wasubu wawili pamoja, watabishana juu ya ugumu wa metali. Risasi safi ni laini mno, ukucha unaikwaruza. Kwa kipimo cha Brinell ina ugumu wa 5 hivi. Ukiongeza bati, metali inakuwa nyepesi kutiririka na inajaza kila kona ya kalibu. Ukiongeza antimoni, inakuwa ngumu. Mchanganyiko unaojulikana sana, sehemu 90 za risasi, 5 za bati na 5 za antimoni, unafika 15 hivi. Ule wa mashine za kupangia herufi za magazeti, wenye takriban asilimia 4 za bati na 12 za antimoni, unapita 20.

Hiyo ya magazeti ina kisa chake. Tangu Ottmar Mergenthaler alipoonyesha mashine yake ya linotype mwaka 1886, vyumba vya kuchapishia magazeti vilikuwa viyeyushio. Mstari wa maneno ulisubiwa kwa risasi ya moto, ukachapwa, ukarudishwa chunguni. Teknolojia hiyo ilipokufa, marundo ya metali yalibaki, na wasubu wa vichwa wakayapata kwa bei rahisi. Wengine walitegemea vile vipande vidogo vya kusawazishia magurudumu ya magari, mpaka Umoja wa Ulaya ulipovizuia vya risasi mwaka 2005 na viwanda vikahamia chuma na zinki. Leo hazina zote mbili zinakauka, na anayesubu inabidi anunue mchanganyiko uliopimwa au ajifunze kupima mwenyewe.

Je, kigumu zaidi ni bora zaidi? Hapa ndipo wengi hupotea. Mtu anapoona utando wa risasi mtutuni, hudhani metali yake ni laini, anaongeza antimoni, na utando unaongezeka. Sababu ni kwamba kichwa kigumu kisichojaza mifereji hakiwezi kufutuka. Mwanya unabaki, na gesi inapita humo kama moto kwenye tundu la jiko. Kichwa laini kwa kiasi kidogo cha baruti kinaziba mwanya wenyewe. Ugumu unapaswa kufuata shinikizo: kiasi kidogo kitake metali laini, kiasi kikubwa kitake ngumu zaidi. Ugumu peke yake hauponyi chochote. Kwa hoja hii nasimama na wale wanaosema kwamba kabla ya kuuliza metali ina ugumu gani, uliza kichwa kina unene gani.

Mtutu una siri yake

Unene wa mtutu hausomwi kwenye kitabu. Fundi makini huchukua donge dogo la risasi safi, hulipaka mafuta, hulitia mdomoni mwa mtutu na kuligonga taratibu kwa kijiti cha mbao hadi litokee upande wa pili. Mwanzoni linakaza, kisha linasogea kwa mkazo mmoja laini kama pete inayovuliwa kidole chenye sabuni. Mkono wake unasoma safari hiyo. Donge likilegea katikati, pale mtutu umepanuka. Likikwamakwama, pana kutu au mashimo. Likitoka, limebeba chapa ya mifereji yote, inayong'aa, na fundi analipima kwa maikrometa.

Anachokipata mara nyingi kinamshangaza. Chukua Lee-Enfield. Ilitengenezwa Uingereza, lakini pia Lithgow huko Australia, Ishapore huko India, na wakati wa Vita ya Pili Kanada na Marekani, mara nyingi kwa haraka ya vita. Kwenye karatasi kipenyo cha mifereji ni milimita 7.9 hivi. Kwenye chuma, baadhi ya mitutu huzidi milimita 8.0. Kichwa chenye koti kinavumilia tofauti hiyo. Cha risasi hakiivumilii. Kanuni ya wasubu ni kwamba kichwa kiwe kinene kuliko mifereji kwa milimita 0.03 hadi 0.05, tofauti isiyozidi nusu ya unene wa karatasi. Anayenunua kalibu kwa kusoma jina la bunduki tu, bila kupima mtutu alio nao, amenunua viatu vya mtu mwingine.

Na mtutu wa zamani una makovu. Fataki za kijeshi za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha chumvi. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa, na mwanajeshi asiyeosha bunduki yake kwa maji jioni hiyo hiyo aliamka na kutu. Kwa hiyo bunduki ya mwaka 1916 iliyopitia mikono mingi huenda ina vishimo ndani, na kila kishimo ni kijiko kinachochota risasi. Wapo wanaopata shabaha nzuri hata kwenye mitutu ya hivyo, kwa kupunguza mwendo na kupaka kichwa mchanganyiko wa nta ya nyuki na mafuta. Nta hiyo ni jirani yetu. Wafugaji nyuki wa Tabora wanajua thamani yake. Katika vifereji vya kichwa cha risasi inafanya kazi ndogo isiyoonekana: inatangulia kati ya metali na chuma, ili visikutane vikavu.

Chungu jikoni, lakini si jiko la chakula

Msubu anasimama mbele ya chungu. Risasi inayeyuka kwa digrii 327 za Selsiasi, na mchanganyiko wake mapema zaidi. Uso wake ni kioo, kisha utando wa rangi ya zambarau na dhahabu unatambaa juu. Anatupia kipande cha nta, moshi unapanda, anakoroga, taka zinaelea, anaziengua. Anachota, anamimina kwenye kalibu, anahesabu polepole huku uso wa metali ukififia kutoka kung'aa hadi kijivu. Anafungua. Vichwa vya kwanza vina mikunjo kama ngozi ya mzee, maana kalibu bado baridi. Baada ya vingi kurudishwa chunguni, kalibu imeshika joto, na vinaanza kutoka vikiwa na kingo kali na kitako bapa. Kalibu ikipata joto kupita kiasi, vinageuka vyeupe kama vilivyonyunyiziwa unga. Msubu mzuri anaishi kati ya mikunjo na unga.

Adui mkubwa wa meza hiyo ni maji. Tone moja likizama chini ya risasi iliyoyeyuka linageuka mvuke na kutanuka takriban mara 1,700, na chungu kinatapika metali ya moto usoni mwa aliyeinama. Jasho la paji la uso linatosha. Ndiyo maana wazoefu huvaa miwani na glavu hata siku ya joto, na hawatii chunguni kipande cha metali kilicholala nje usiku bila kukikausha kwanza.

Kisha inakuja hatari isiyopiga kelele. Ganda la bunduki ya kijeshi liliundwa kubeba kiasi kikubwa cha baruti. Kiasi cha kichwa cha risasi ni kidogo, mara nyingi cha baruti inayoungua haraka, na kinajaza sehemu ndogo tu ya ganda. Maana yake ni kwamba mtu aliyekatizwa na simu au mtoto anaweza kutia kipimo kile kile mara ya pili, na ganda lisilalamike. Bunduki ndiyo italalamika, na itafanya hivyo mbele ya uso wa mtu. Hakuna ujanja wa kukwepa hili isipokuwa utaratibu: ganda moja kwa wakati mmoja, macho ndani ya kila ganda kabla ya kuliziba, vipimo kutoka kwenye vitabu vya watengenezaji waliovijaribu, na kamwe si kwa kukisia. Neno kiasi lilipewa kitu hiki na watu waliojua.

Chuma kilichosomwa kwa macho

Kunyenyekea mbele ya metali ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuijua bunduki. Kisa cha Springfield ya 1903 ndicho kinachonisadikisha zaidi. Wakati wa Vita ya Kwanza baadhi ya bunduki hizo zilipasuka mikononi mwa wanajeshi. Uchunguzi, ambao Julian Hatcher aliueleza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1947, ulionyesha kwamba chuma cha kasha la kufuli kilikuwa kimepashwa moto kupita kiasi kiwandani na kuwa chepesi kuvunjika. Mafundi wa tanuri, watu wenye uzoefu wa miaka, walipima joto kwa rangi ya chuma, kwa macho. Vipima joto vilipoletwa, ikagundulika kwamba rangi iliyoonekana sawa siku ya jua kali ilikuwa na joto la kuzidi ile ya siku ya mawingu kwa hadi karibu digrii 165 za Selsiasi. Jua lilidanganya jicho. Tangu hapo bunduki za kiwanda cha Springfield zenye namba chini ya 800,000, na za Rock Island chini ya 285,507, zimekuwa zikitiliwa shaka.

Wengine hujibu kwamba kiasi kidogo cha kichwa cha risasi ni salama hata kwenye hizo. Siukubali ushauri huo. Chuma chenye kasoro hiyo kinaweza kuvumilia mwaka mzima kisha kivunjike siku ganda moja litakapopasuka, na gesi haichagui kama kichwa kilikuwa cha koti au cha risasi tupu. Bunduki ya namna hiyo inastahili heshima ya ukuta. Kwa nyingine zote, hatua ya kwanza si kalibu, ni fundi wa bunduki mwenye leseni aipime kufuli, nafasi ya ganda na mtutu. Uzee unaonekana, ufa hauonekani.

Sumu haina mipaka ya meza

Nimeliacha jambo zito kuliko yote mwisho, kwa sababu wanaoipenda sanaa hii huligusa kwa ncha ya kidole. Risasi ni sumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama mwilini, na watoto ndio wanaoumia zaidi, maana inaingia kwenye ubongo unaokua. Kwenye joto la kawaida la kusubu mvuke wake ni mdogo. Hatari kubwa ni vumbi la taka zilizoenguliwa, mikono inayokwenda kinywani, nguo zinazoingia ndani ya nyumba. Uwanjani, sehemu nzuri ya risasi inayopumuliwa hutoka kwenye fataki, ambazo nyingi bado zina kemikali ya risasi, na kwenye kitako cha kichwa kinapoungua. Chungu cha kusubia hakirudi jikoni, kusubu hakufanyiki kwenye chumba kisichopitisha hewa, na mikono huoshwa kabla ya kumshika mtoto. Aliye makini hupima damu yake.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuambiwa hili na vitabu vya ng'ambo. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kiliacha majeruhi waliokuwa hawajawahi kugusa chungu: wakazi, na watoto waliocheza kwenye udongo wa jirani. Phyllis Omido aliyeongoza mapambano yao alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikabatilishwa katika rufaa, na Mahakama ya Juu ikairejesha mwaka 2024. Chungu cha gereji ni kidogo mara elfu kuliko tanuri lile, lakini metali ni ile ile na vumbi linafuata njia zile zile: viatu, mikono, udongo.

Wanyama nao wamo katika hesabu. Huko California, tai wakubwa waitwao kondori walipungua hadi kufikia 22 tu mwaka 1982, na vipande vya risasi katika mizoga vimekuwa sababu kubwa ya vifo vyao hata baada ya kurudishwa porini. Jimbo hilo limekataza uwindaji wa wanyamapori kwa risasi tangu Julai 2019, na Umoja wa Ulaya umekataza chembe za risasi katika maeneo oevu tangu Februari 2023. Mpiga shabaha anayepiga kwenye ukuta wa udongo, kisha akachimba vichwa vyake na kuviyeyusha tena, anaacha doa dogo kuliko mwindaji anayeacha vipande msituni. Tofauti hiyo ni ya kweli, na wenye sanaa wana haki ya kuieleza. Lakini haiwapi ruhusa ya kuacha udongo wa uwanja bila kusafishwa.

Na kuhusu kwetu, sheria haina utata. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kutengeneza viasi bila leseni ni kosa. Nchi zilizozika watu kwa magobori ya vichakani na kwa silaha zilizovuka mipaka zina sababu ya kushikilia hivyo. Kinachotuhusu katika sanaa hii ni historia yake na elimu yake, na vyote viwili havihitaji leseni.

Hukumu

Kwa hiyo, je, metali laini inaharibu bunduki kuukuu? Kichwa cha risasi chenyewe hakiharibu. Kilichopimwa vizuri kinautendea mtutu upole kuliko chenye koti. Kinachoharibu ni kiburi cha kukirusha kwa kasi isiyo yake, uvivu wa kutopima mtutu, kukisia baruti, na kuamini chuma kwa sababu kinang'aa. Kinachodhuru watu ni kusahau kwamba mkono ulioshika risasi ndio utakaokata mkate.

Martini-Henry ilijua kiasi chake kwa sababu risasi ilijifutua yenyewe na kuuziba mtutu. Karne ya mwendo mkubwa iliondoa msamaha huo na kuweka koti mahali pake. Anayerudi kwenye risasi tupu leo lazima afanye kwa maikrometa, kwa mizani na kwa subira kazi ambayo zamani metali ilimfanyia bure. Watu wa pwani hawakuwa na maikrometa, ila waliita baruti na risasi iliyopimwa kwa jina la kipimo chenyewe. Sijapata katika vitabu vyote vya sanaa hii jina lililo sahihi kuliko hilo.